Fahirisi au Msogezo? Historia ya Neno Moja la Mashine za Kujazia Maganda ya Risasi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomsumbua mfasiri wa vitabu vya ufundi, limo moja ambalo kwa kulitazama tu hudhaniwa kuwa limekwisha kupatiwa tafsiri. Neno lenyewe ni indeksi, pamoja na kitenzi chake. Mkutubi hulijua kuwa ni fahirisi, yaani orodha ya mambo iliyo mwishoni mwa kitabu. Mtakwimu naye hulijua kwa jina hilo hilo anapoandika fahirisi ya bei. Basi mfasiri akilikuta katika mwongozo wa mashine, hufungua kamusi, akaona fahirisi, akaandika fahirisi, akaendelea na ukurasa unaofuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika aina moja ya mashine kosa hilo laweza kumpotezea mtu vidole au macho, na kwamba hata maneno mawili yanayoambatana nalo, yaani "kwa mkono" na "yenyewe", yahitaji kuchunguzwa kabla hayajaidhinishwa.

Mashine tunayoizungumzia hutumiwa zaidi Marekani. Huko mlenga shabaha au mwindaji aweza kuyaokota maganda ya shaba ya risasi alizokwisha kupiga, akayatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi, akayatumia tena. Kazi hiyo hufanywa nyumbani, juu ya meza, kwa mashine ya wenzo. Katika nchi zetu sheria hazimruhusu mtu kutengeneza risasi pasipo kibali, kwa hiyo wasomaji wengi hawajapata kuiona mashine hii. Hata hivyo miongozo yake huwafikia watu wa forodha, polisi na wakalimani wa mahakama. Na neno lile lile, kwa maana ile ile, humfikia kila mwalimu wa karakana afundishaye kuchonga gia.

Tuanze na asili. Katika Kilatini indeksi ni kionyeshi, na hasa kile kidole ambacho sisi twakiita kidole cha shahada. Kutoka kidole neno likahamia kwenye mshale wa saa na wa vyombo vya kupimia, na kwa njia nyingine likahamia kwenye orodha imwonyeshayo msomaji ukurasa autafutao. Tawi hili la pili ndilo tulilolipa jina la fahirisi, na tulifanya vyema. Tawi la kwanza lilibaki mikononi mwa mafundi. Watengenezaji wa saa wa Ulaya walikuwa na sahani za mviringo zenye matundu yaliyopangwa kwa hesabu, wakizigeuza tundu moja baada ya jingine ili kila jino la gurudumu likatwe mahali pake. Jesse Ramsden, fundi maarufu wa vyombo wa London, alikamilisha katika miaka ya 1770 mashine ya kuligawa duara kwa usahihi uliokuwa haujapata kuonekana, na mwaka 1777 akatuzwa kwa kazi hiyo na halmashauri ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia elimu ya longitudo baharini. Kwa mafundi hao neno halikuwa na maana ya orodha hata kidogo. Lilikuwa na maana ya kukisogeza kitu hatua moja iliyopimwa, kisha kukikaza hapo mpaka kazi ya hatua ile iishe.

Ndiyo maana inayoishi hadi leo katika karakana zetu. Katika mashine ya kusaga chuma hufungwa kichwa cha kugawanya, ambacho kwa kawaida mkono wake huzungushwa mara 40 ili kipande kinachochongwa kizunguke mara moja. Mwanafunzi achongaye gia ya meno 20 huuzungusha mkono mara mbili, huukaza, hukata jino, kisha huendelea. Akisahau kuuzungusha, kisu hupita tena katika mfereji ule ule uliokwisha kukatwa. Hapana hasara ila muda. Akizungusha kupita kiasi, gia huharibika, naye huanza upya. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa katika mashine ya maganda kusahau kule kule kuna matokeo mengine kabisa.

Katika silaha, msogezo wa hatua moja moja ulianza kuleta swali la mkono na mtambo tangu mwanzo wa karne ya 19. Elisha Collier, Mmarekani kutoka Boston, alipata hataza London mwaka 1818 kwa ajili ya bunduki ya gumegume yenye silinda ya matundu kadhaa. Mwanzoni silinda ilikusudiwa igeuzwe na springi. Lakini silaha zilizouzwa zilikuwa za kugeuzwa kwa mkono, mpigaji akiigeuza silinda mwenyewe baada ya kila pigo. Kisha akaja Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani tarehe 25 Februari, 1836. Katika bastola ya Colt, kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kuliigeuza silinda kwa tundu moja na kuikaza papo hapo. Nguvu bado ilikuwa ya mkono wa mtu. Kilichobadilika ni kwamba matendo mawili yalifungamanishwa kuwa moja, hata ikawa haiwezekani kulifanya moja na kulisahau la pili. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana juu yake ndipo tutakapojenga istilahi.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, na hapa Kiswahili cha wazee wetu kina la kutufundisha. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba baruti na risasi zilizofungwa pamoja tayari kwa kupigwa ziliitwa kiasi cha bunduki. Jina hilo lilikuwa na akili. Mwenye gobori alijua kwamba uhai wake umo katika kipimo: baruti ikipungua, risasi haifiki, ikizidi, kasiba hupasuka. Alimimina baruti, akatia risasi au marisaa, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki. Kila tendo lilikuwa la mkono, na kumbukumbu ya kwamba limetendeka ilikuwa kichwani mwake tu.

Kumbukumbu hiyo hupotea. Mfano mashuhuri ni wa vita vya Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania, tarehe 1 hadi 3 Julai, 1863. Hesabu iliyotangazwa baadaye ilisema kwamba bunduki zipatazo 27,500 ziliokotwa uwanjani, na 24,000 kati ya hizo zilikuwa bado zimeshindiliwa. Karibu nusu ya hizo zilikuwa na viasi viwili, na robo zilikuwa na vitatu hadi kumi. Moja ilikuwa na 23. Katika kishindo kile askari hakujua kama bunduki yake imelia au fataki imekataa. Aliurudia mfululizo aliofunzwa, akashindilia kiasi kipya juu ya cha zamani.

Mtu aweza kusema kwamba hiyo ndiyo dosari ya mkono, na kwamba mtambo ungeiondoa. Miaka 16 baadaye mtambo ulijibu. Manowari ya Kiingereza Thunderer ilikuwa na minara miwili ya mizinga. Ule wa nyuma uliendeshwa kwa mikono ya mabaharia. Ule wa mbele ulikuwa umetiwa mtambo wa haidroli, ulioshindilia kiasi kupitia mdomo wa mzinga, watu wakiwa wamekingwa chini ya sitaha. Tarehe 2 Januari, 1879, katika Bahari ya Marmara, mizinga miwili ya mnara wa mbele ilipigwa kwa pamoja. Mmoja ulilia, mwingine haukulia, wala hakuna aliyetambua, maana kishindo cha mmoja kiliuficha ukimya wa mwenzake. Mtambo ukashindilia kiasi cha pili juu ya cha kwanza bila kusita. Ulipopigwa tena, mzinga ule wa tani 38 ulipasuka, ukawaua watu 11 na kuwajeruhi 35. Wachunguzi waliamua kwamba ulikuwa umeshindiliwa mara mbili. Ili kulithibitisha jambo hilo, mzinga wa pili wa mnara ule ule ulipelekwa Woolwich, ukatiwa viasi viwili kwa makusudi, nao ukapasuka vivyo hivyo. Msiba huo ulikuwa mmoja wa sababu zilizowafanya Waingereza kurudia mizinga ya kujazwa kwa nyuma, ambayo mtu aweza kuifungua na kuona kilichomo.

Tazama basi: huko Gettysburg mkono ulisahau, huko Marmara mtambo haukuwa na cha kukumbukia. Baharia ashindiliaye kwa mti mrefu angaliweza kuhisi kwamba mti umegota mapema mno. Fimbo ya haidroli haikuwa na kiganja cha kuhisi.

Ganda la shaba liliondoa hatari hii kwenye bunduki na kuihamishia mezani. Kiasi sasa kilifungwa kiwandani, kimoja kwa kila ganda. Lakini ganda tupu lilikuwa na thamani, na wawindaji wa nyati wa Marekani katika miaka ya 1870 waliyajaza tena maganda yao kambini. Mwaka 1884 John Barlow wa Connecticut alianzisha kampuni yake ya Ideal, iliyouza chombo kama koleo kilichofanya kazi zote za kujazia, ganda moja kwa wakati mmoja. Wakati huo baruti ilikuwa bado ile nyeusi, na baruti nyeusi ina fadhila moja isiyosifiwa vya kutosha: hulijaza ganda karibu lote. Mtu akijisahau na kumimina mara ya pili, baruti hufurika mezani, akajua.

Mwaka huo huo wa 1884 Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likaipokea pamoja na bunduki ya Lebel. Baruti hii ni kali mara nyingi kuliko nyeusi, kwa hiyo huhitajiwa kidogo tu. Maganda ya bastola yaliyobuniwa kwa baruti nyeusi yakaendelea kutumika kwa urefu ule ule, yakiwa matupu kwa sehemu kubwa. Ganda la .38 Special, la mwishoni mwa karne ya 19, ni mfano mwema: baruti ya kulengea shabaha hulala chini kabisa, na kiasi cha pili chaweza kuingia pasipo kufurika, hata cha tatu. Kichwa cha risasi kikishakalishwa juu yake, hakuna jicho litakalojua. Hapo ndipo kiasi maradufu kilipogeuka kuwa ajali isiyoonekana.

Mashine za kwanza za mezani zilikuwa na kituo kimoja. Mtu aliyapanga maganda hamsini katika kibao chenye matundu, akayatia yote baruti, kisha akachukua taa na kuchungulia kila moja kabla ya kuendelea. Kazi ilikuwa ya polepole. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha Star cha San Diego kiliuza mashine ambamo maganda kadhaa yalikaa katika sahani moja ya duara, kila ganda chini ya kalibu yake, na kila mvuto wa wenzo ukafanya kazi zote kwa pamoja. Mashine ya namna hii yenye vituo vinne hufanya hivi: katika kituo cha kwanza fataki kuukuu hutolewa, ganda hurudishwa umbo lake na kutiwa fataki mpya, cha pili humimina baruti, cha tatu hukalisha kichwa cha risasi, cha nne hukibana. Kati ya mvuto na mvuto sahani hugeuka hatua moja. Na ugeuzaji huo ndio Waamerika waliouita kwa neno la Ramsden.

Mashine hizi zilienea sana katika miaka ya 1980, na hapo watengenezaji wakachukua njia mbili. Kampuni ya Mike Dillon, iliyoko Arizona, yafaa kwa mfano kwa sababu iliuza za namna zote mbili kwa wakati mmoja. Katika ile iitwayo RL550 mtu huvuta wenzo, kisha huisukuma sahani kwa kidole mpaka itulie katika kituo kinachofuata. Katika ile iitwayo Square Deal sahani hugeuzwa na wenzo wenyewe. Tangu hapo wajazaji wa Marekani hawajaacha kubishana ni ipi iliyo salama.

Hoja ya kwanza ni nyepesi kueleweka. Katika mashine ya kidole, kipimia baruti humimina kila ganda linapopandishwa chini yake. Mtu akiitwa mlangoni, akarudi, akauvuta wenzo kabla ya kuisogeza sahani, ganda lile lile hupokea kiasi cha pili. Katika mashine ya wenzo jambo hilo haliwezekani maadamu kila mvuto ni kamili, kwa kuwa ganda limekwisha kuondoka.

Maneno "kila mvuto ni kamili" yamebeba mzigo mkubwa, nao wa upande wa pili huyashika hayo. Mashine hukwama: fataki huingia upande, ganda huinama, kichwa cha risasi huanguka. Mtu huurudisha wenzo nusu, huuvuta tena, huchomoa kitu, na katika vuta nikuvute hiyo kipimia baruti chaweza kuwa kimemimina mara mbili, au sahani ikawa imevuka kituo kabla ya kumiminiwa. Ganda lililokosa baruti lina hatari yake: fataki peke yake hukisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu kikakwama humo, na pigo linalofuata laweza kuupasua mtutu. Watetezi wa mashine ya kidole husema kwamba wao wakikwama, sahani haiendi popote wasipoiamuru, hivyo waweza kulitoa ganda na kulichungulia kwa utulivu.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki, kwa kuwa hazizungumzii wakati mmoja. Msogezo wa kidole una hatari ndogo katika kila mvuto. Msogezo wa wenzo huiondoa hatari hiyo katika mivuto mamia, kisha huirundika katika dakika ile moja ya kukwama. Watengenezaji wamelijua hilo. Mashine kubwa ya Dillon ya vituo vitano, XL650, iliweza kutiwa kifaa kinachopima kimo cha baruti ndani ya ganda na kulia kikiona imezidi au imepungua. Kampuni ya RCBS nayo iliuza kalibu inayoufunga wenzo usiende kabisa. Yaani baada ya miaka mia moja, kile kiganja kilichokosekana katika mnara wa Thunderer kilitafutiwa mbadala.

Turudi kwenye maneno. Tuchukue onyo la namna hii, kama lingeandikwa na mfasiri wa haraka: "Baada ya kila fahirisi, hakikisha kuwa kuna baruti." Msomaji hatajua afanye nini. Aweza kudhani aambiwa asome orodha iliyo mwishoni mwa mwongozo. Lakini akiandikiwa: "Kila uisogezapo sahani kituo kimoja, tazama ndani ya ganda kabla hujakalisha kichwa cha risasi," ameambiwa tendo, mahali na wakati. Kwa hiyo napendekeza kusogeza kwa kitenzi na msogezo kwa nomino, katika mashine hizi na katika kichwa cha kugawanya pia. Fahirisi ibaki vitabuni na katika bei.

Ugumu umo katika sifa. "Msogezo wa kujiendesha" au "otomatiki" utamfanya msomaji afikirie mota na umeme, wala havimo. Mashine zote mbili huvutwa kwa mkono wa mtu, na "msogezo wa mkono" kwa hiyo haubagui chochote. Kuna njia ya sarufi inayovutia sana. Kiswahili kinatupa sogea na sogeza: sahani isogeayo pamoja na wenzo ingepewa msogeo, na ile isogezwayo na mtu ingepewa msogezo. Ni mgawanyo safi, na mwanaisimu angeupenda. Mimi siuungi mkono. Maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja hayafai kutenganisha jambo la hatari katika karakana yenye kelele, wala katika kurasa ambazo mpiga chapa aweza kudondosha herufi.

Ni heri kufuata alichokifanya Colt na kutaja kufungamana kwenyewe. Pale sahani inapofungwa na wenzo, tuseme msogezo fungamani. Pale inapoachwa kwa mtu, msogezo huru. Katika maelezo kwa wasio mafundi yatosha kusema msogezo wa wenzo na msogezo wa kidole.

Maneno yaliyobaki hayana ubishi mwingi, ila risasi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni madini yenyewe, na ambayo sisi twaitumia kwa madini, kwa kile kirukacho na kwa kitu kizima. Katika mwongozo risasi iwe kitu kizima. Kirukacho kiitwe kichwa cha risasi. Ganda, fataki na baruti zikae zilivyo. Kujaza risasi hueleweka na wengi kuwa ni kuijaza bunduki, kwa hiyo kazi ya mezani iitwe kujazia maganda. Na kiasi, ambacho kimelala katika kamusi za kale, kirudishwe kwa baruti iliyopimwa kwa ganda moja: kiasi kamili, kiasi pungufu, kiasi maradufu. Kifaa kile kiliacho chaweza kuitwa kikaguzi cha kiasi, na kalibu ifungayo wenzo, kizuizi cha kiasi. Majina hayo mawili yasichanganywe, maana cha kwanza humwonya mtu tu, na cha pili humzuia.